Mtemi Mirambo na Utayari wa Kivita katika Unyamwezi wa Karne ya 19

Kabla ya utawala wa Wajerumani, nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi, kuanzia Ntuzu, ilipo Bariadi ya leo mkoani Simiyu, hadi Urambo upande wa magharibi, iligawanyika katika milki nyingi ndogo za kitemi. Lugha za jamii hizo zilikaribiana na taasisi ya utemi ilikuwa ya asili moja. Hata hivyo, kila mtemi aliwategemea zaidi wanaume wa himaya yake. Mirambo ndiye aliyeonyesha kwamba msingi huo ungeweza kubeba dola kubwa.

Mirambo alizaliwa yapata mwaka 1840, akiwa mwana wa Kasanda, mtemi wa Uyowa. Jina lake la awali lilikuwa Mtyela. Mirambo, jina la vita, hufasiriwa kuwa maiti. Ujanani mwake Watuta, ambao ni tawi la Wangoni, walikuwa wameingia Unyamwezi na mbinu mpya za kupigana. Mirambo alijifunza kwao, na baadaye akawafanya washirika. Ubora wake ulikuwa katika kuunganisha mbinu hizo na bunduki zilizoletwa na misafara kutoka pwani.

Nguzo ya jeshi lake ilikuwa rugaruga. Hawa walikuwa vijana, wengi wao wasio na wake, wakiwemo mateka na watoro wa misafara. Kwa kuwa hawakufungwa na shamba wala familia, walikuwa tayari wakati wote. Walisafiri upesi, wakashambulia kwa ghafla, na ujira wao ukawa nyara.

Utayari huo ulipimwa mwaka 1871, Waarabu wa Tabora walipomwendea vitani, wakiandamana na Henry Morton Stanley. Walipokuwa wakirejea na nyara zao, Mirambo aliwavizia njiani, na mwezi huohuo wa Agosti akaishambulia Tabora yenyewe. Khamis bin Abdallah, mmoja wa vigogo wa mji, aliuawa, na sehemu ya mji ikateketezwa. Njia ya Ujiji ilivurugika kwa miaka kadhaa, na askari waliotumwa na Sultani Barghash kutoka Unguja hawakuweza kumshinda.

Mirambo alitambua pia kwamba bunduki bila baruti si silaha, na baruti ilitoka pwani. Kwa hiyo alitafuta amani na Tabora, akachanjiana damu na Stanley mwaka 1876, na akampokea mmisionari na tabibu Ebenezer Southon mwaka 1879. Juhudi hizo ziliathirika mwaka 1880, Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, walipouawa Pimbwe katika mapigano yaliyohusisha majeshi yake. Imani ya balozi wa Uingereza huko Unguja ilipotea.

Mirambo alifariki tarehe 2 Desemba 1884. Mrithi wake, Mpandashalo, alipata jeshi, lakini hakurithi mamlaka yaliyoliunganisha. Katika miaka michache milki ikasambaratika. Utiifu wa rugaruga ulikuwa kwa kiongozi aliyewapatia ushindi na nyara, si kwa taasisi ambayo ingedumu baada yake. Neno lenyewe ndilo lililoishi zaidi: Wajerumani walilitumia kuwaita askari wao wa msaada, hadi katika Vita Kuu ya Kwanza.