Buffalo Bill: Mtu Aliyeigiza Maisha Yake Mwenyewe



Leo simleti mtakatifu. Namleta jamaa ambaye hata waliompenda sana hawakuwahi kumfikiria kwa mambo ya altare. Lakini picha ya kauboi uliyo nayo kichwani, ya kofia pana, farasi mbio, bunduki, na wenyeji wenye manyoya kichwani wakilizunguka gari la abiria, kwa sehemu kubwa ametuachia yeye. Jina lake William Frederick Cody. Dunia ilimwita Buffalo Bill.

Alizaliwa tarehe 26 Februari 1846 katika jimbo la Iowa, Marekani. Familia ikahamia Kansas wakati watu kule wanatoana roho juu ya utumwa. Baba yake, Isaac, alisimama mbele ya watu akapinga utumwa kuingizwa Kansas, na mtu mmoja akamchoma kisu palepale. Hakupona sawasawa, akafariki mwaka 1857. William alikuwa na miaka 11 tu. Ikabidi mtoto atafute kazi, akawa tarishi wa kampuni ya kusafirisha mizigo, anapeleka ujumbe kwa farasi.

Baadaye alisimulia kwamba akiwa na miaka 14 alikuwa mmoja wa vijana wa Pony Express, waliopokezana barua kwa farasi kuvuka nusu ya bara. Wanahistoria wengi wamechunguza na hawaioni hiyo kazi. Shikeni hapo, maana ndiyo habari nzima ya Cody. Alikuwa na mambo ya kweli ya kutosha kujaza vitabu vitatu, na bado akaongeza chumvi.

Ya kweli ni haya. Mwaka 1864 alijiunga na jeshi la Kaskazini. Mwaka 1866 akamwoa Louisa Frederici kule St. Louis. Kuanzia 1867 alipewa kazi ya kuwalisha wajenzi wa reli ya Kansas Pacific kwa nyama ya nyati, na kwa hesabu yake mwenyewe aliua 4,280 kwa muda wa miezi kama 18. Jina la Buffalo Bill likatoka huko. Kumbuka nyati hao ndio walikuwa chakula, nguo na hema za Walakota na Wacheyenne. Wachuna ngozi walikuja kumaliza waliobaki, na kabla karne haijaisha mnyama aliyehesabiwa kwa mamilioni alikuwa karibu kutoweka.

Mwaka 1868 Jenerali Sheridan akamfanya mkuu wa wapelelezi wa kikosi cha tano cha askari wa farasi. Kazi yake ilikuwa kutangulia mbele ya jeshi, kusoma nyayo, kujua maji yako wapi, kupeleka barua usiku katika nchi ambayo unaweza usirudi. Hapa hakuna chumvi, maofisa walimtegemea kweli. Mwaka 1872 akapewa Nishani ya Heshima, iliyo kubwa kuliko zote jeshini Marekani.

Sasa tatizo. Mwandishi mmoja, Ned Buntline, alikuwa ameshamgeuza shujaa wa hadithi za gazetini, na Desemba 1872 akampandisha jukwaani Chicago aigize nafsi yake. Cody hakuwa mwigizaji, ila watu walijaa. Tangu hapo majira ya baridi yuko jukwaani, kiangazi anarudi porini kwa wanajeshi. Sisi tuliopita darasa la falsafa tuna ugonjwa wa kuuliza kipi kinatangulia, kitu au kivuli chake. Kwa Cody jibu linaanza kuwa gumu hapa.

Aprili 1876 alipata simu ya maandishi akiwa kwenye maonyesho: mwanawe wa pekee wa kiume, Kit, miaka 5, ana homa ya vipele. Alikimbia nyumbani, mtoto akafariki. Miezi mitatu baadaye alikuwa vitani. Walakota na Wacheyenne walikuwa wamemwua Custer na askari wake pale Little Bighorn, na nchi nzima inataka kisasi. Tarehe 17 Julai, kwenye kijito cha Warbonnet, Nebraska, Cody alimwua shujaa wa Kicheyenne aitwaye Yellow Hair, akamchuna ngozi ya kichwa pamoja na nywele zake. Siku hiyo alikuwa amevaa nguo za jukwaani, mahameli meusi yenye mapambo mekundu. Yaani alikwenda kwenye vita ya kweli amevaa kwa ajili ya watazamaji. Msimu uliofuata akaigiza kifo kile kwenye tamthilia, na ile ngozi ikaonyeshwa kwa watu. Mimi nikisoma hapa huwa nasimama kidogo.

Mwaka 1883 akaanzisha onyesho lake kubwa la Wild West kule Omaha: mamia ya watu na wanyama, wapiga shabaha kama Annie Oakley, na Walakota waliolipwa mshahara ili kila jioni washambulie na kila jioni washindwe. Mkuu wao Sitting Bull alikaa naye miezi minne mwaka 1885. Mwaka 1887 walikuwa London kwa jubilei ya Malkia Victoria. Katika kundi hilo alikuwamo kijana aitwaye Black Elk. Aliachwa nyuma Uingereza, akatangatanga Ulaya mpaka alipolikuta tena onyesho la Cody huko Paris mwaka 1889, na Cody akamlipia nauli ya kurudi kwao. Kijana huyo alibatizwa Nicholas mwaka 1904, akawa katekista, na leo mchakato wa kumtangaza mtakatifu umefunguliwa. Tutamwandikia yake, anastahili.

Tarehe 3 Machi 1890 Cody na Walakota wake walikuwa Vatikani, kwenye kumbukumbu ya kutawazwa kwa Papa Leo XIII. Mwaka huohuo, Desemba, Sitting Bull aliuawa na polisi. Cody alikuwa ametumwa kwake, ila amri ikatenguliwa njiani. Wiki mbili baadaye jeshi likaua Walakota zaidi ya 150 pale Wounded Knee, wanawake na watoto wakiwemo. Na baadhi ya mateka wa Kilakota, Cody aliwachukua kwenye onyesho, Ulaya tena. Wanaomtetea wanasema aliwalipa, aliwaheshimu, na bila yeye wangekaa gerezani. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba aliuza tiketi za msiba wao.

Nyumbani hali ilikuwa mbaya. Mwaka 1904 alimshtaki Louisa mahakamani ili waachane, mpaka akadai mkewe alitaka kumpa sumu. Hakimu akakataa. Baadaye walipatana. Fedha ziliishia kwenye mgodi wa Arizona na kwenye mikono ya kila aliyeomba. Mwaka 1913, kwa deni la dola 20,000, onyesho lake likapigwa mnada Denver. Mzee wa miaka 67 akaanza kuzungushwa kwenye sarakasi ya mtu anayemdai.

Januari 1917 alikuwa kitandani kwa dada yake, Denver, figo zimekwisha. Tarehe 9 akaja Padre Christopher Walsh wa kanisa kuu, akambatiza. Kesho yake Cody akafa. Kuna wanaonung'unika: miaka 70 ya kelele, halafu anaingia dakika ya mwisho, hana hata muda wa kurekebisha la Yellow Hair. Nawaelewa, lakini yule mwizi msalabani naye hakupewa muda. Na angalieni chumba kile: hakuna farasi wala bendi, na aliyelala pale hawezi tena kuigiza chochote. Maji yalimwagwa kwa William.

Mwezi uliofuata serikali iliifuta nishani yake, kwa kuwa wapelelezi walihesabiwa kuwa raia. Ilirudishwa mwaka 1989. Alizikwa Juni kwenye mlima wa Lookout, juu ya Denver, mbele ya maelfu ya watu. Louisa akazikwa hapohapo mwaka 1921.