Louis Leakey: Mtoto wa Kabete aliyesomea nyumbani, akaokota mawe hadi Olduvai

Ukitoka Kawangware ukavuka Kangemi na kuendelea kupanda, unafika Kabete. Huko ndiko alikozaliwa mtoto njiti mnamo Agosti 7, 1903. Wazazi wake, Harry na Mary Leakey, walikuwa wamishonari wa Kianglikana kutoka Uingereza, na nyumba yao ya kwanza ilikuwa ya udongo, paa la nyasi likivuja kila mvua ikinyesha. Mtoto huyo ni Louis Leakey. Jina hilo ulilikuta kwenye vitabu vya historia, na kama umewahi kufika Makavazi ya Nairobi umeiona sanamu yake, ameketi nje.

Vitabu vya shule hutuletea Leakey akiwa tayari mzee mwenye mvi na fuvu mkononi. Leo wacha tuanze mapema zaidi, na kuna sababu. Kama unaishi Lindi, pale Kibera, na kila likizo wewe ndiye unayeachiwa wadogo zako pamoja na watoto wa jirani uwafundishe, utoto wa jamaa huyu unakuhusu. Unakuhusu pia kama mzazi wako ni mmoja wa wale walioamua watoto wasomee nyumbani. Hesabu utaifundisha na kusoma utafundisha. Sayansi je, bila maabara?

Basi Leakey alisomea nyumbani. Kando na muda mfupi ambao familia ilirudi Uingereza, masomo yake ya utotoni yalifanyika pale pale Kabete. Waliajiriwa walimu wa kuja nyumbani, na walipokosekana baba mwenyewe alishika chaki: Kilatini, Kifaransa, hesabu. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka wa 1914, safari za kwenda Ulaya zikawa ngumu na Louis akabaki Kabete hadi 1919. Hiyo ni miaka yote kutoka kumi na moja hadi kumi na sita, umri ambao mwenzake wa Uingereza alikuwa amefungiwa kwenye shule ya bweni.

Usifikiri alikuwa akikaa ndani na vitabu. Marafiki zake walikuwa wavulana Wakikuyu wa hapo Kabete, na lugha yao aliizungumza kama wao. Alipitia jando pamoja na rika lake na kupewa jina la Wakuruigi, mwana wa kipanga. Wawindaji walimfundisha kutega, kunyemelea mnyama bila kukanyaga kijiti kikavu, na kukaa kimya muda mrefu akitazama tu. Ukiuliza wanabiolojia watakwambia kwamba hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote.

Kisha akajenga kibanda chake. Vijana wa Kikuyu wa umri ule walikuwa wakijijengea nyumba, naye akafanya vivyo hivyo mwisho wa bustani ya wazazi. Sehemu ya kibanda hicho aliigeuza makavazi yake binafsi: mayai ya ndege, mafuvu ya wanyama, ngozi. Pengine mama yake hakufurahia harufu, lakini kibanda kilibaki.

Mambo yalibadilika alipokuwa na umri wa miaka 12 hivi. Binamu yake wa Uingereza alimtumia zawadi ya kitabu cha watoto kuhusu maisha ya watu wa kale wa huko, waliotumia zana za mawe. Kitabu kilisema mawe hayo ni ya aina fulani ambayo Louis hakuwa ameiona hata siku moja. Hakujua inafananaje. Akatoka nje akaanza kutafuta chochote kilichokaribia maelezo hayo, na kwenye kingo za barabara zilizochimbwa akaokota vipande vyeusi vinavyong'aa kama chupa iliyovunjika, vikali kingoni. Wakikuyu walivijua sana. Waliviita nyembe za mizimu, na iliaminika kwamba huanguka kutoka angani wakati wa mvua, kwani mvua kubwa ikipita ndipo huonekana chini. Hebu fikiria: kuona walikuwa wameona sawasawa. Maji huosha udongo wa juu na jiwe likajitokeza.

Watu wazima wa nyumbani walimcheka. Mtoto anaokota vipande vya chupa, eti zana za kale. Ni rahisi kuwalaumu, lakini jiulize ni mara ngapi umemwambia mdogo wako atupe takataka alizojaza mfukoni kabla hata hujazitazama.

Mtu mmoja hakucheka. Nairobi ilikuwa imepata makavazi madogo ya viumbe na mimea, na msimamizi wake wa kwanza, Arthur Loveridge, aliyefika Kenya mwaka wa 1914, alikuwa tayari amezoea kumwona kijana huyu. Alimfundisha kuchuna ndege, kuhifadhi ngozi yake na kumpanga kwenye jamii yake. Louis alipompelekea mawe, kwa woga kidogo, Loveridge aliyatazama moja baada ya jingine. Baadhi hayakuwa kitu. Mengine, alisema, hakika yalikuwa zana zilizochongwa na binadamu. Jiwe lenyewe linaitwa obsidiani, kioo cha volkeno. Akamhimiza aendelee kuokota, lakini aandike kila alichopata na mahali alipokipata.

Shikilia hapo kidogo, kwa sababu hapa ndipo somo la sayansi lilipo. Obsidiani haizaliwi Kabete. Hutoka Bonde la Ufa, pande za Naivasha na Eburru. Kama kipande kiko Kabete, kuna mtu aliyekibeba kutoka kule hadi huku. Lini? Alikuja kwa njia gani? Alikibadilisha kwa nini? Mtoto wa miaka 12 ambaye ameshika jiwe moja tu mkononi ana maswali ya kumtosha mwezi mzima, na hakuna hata moja lililotoka kwenye mtihani.

Wewe huna haja ya obsidiani. Chukua chupa ya plastiki, tia udongo wa nje ya nyumba hadi robo, jaza maji, tikisa kwa nguvu kisha uiache dirishani. Baada ya dakika chache mchanga umekaa chini. Juu yake hukaa udongo laini zaidi, ule ulio laini kabisa huchukua hata siku nzima kutulia, na majani na vijiti huelea. Waambie watoto wachore tabaka hizo na kuandika saa. Uki­changanya udongo wa mahali pawili, kwa mfano karibu na reli na karibu na mto, tabaka hazitafanana. Hiyo ndiyo akili iliyomsaidia Leakey baadaye kusoma kuta za korongo, kwani kwa kawaida kilicho chini ndicho kilichotangulia. Ila jambo moja: siku hizi sheria ya makavazi na turathi ya 2006 hairuhusu mtu kujichimbia na kujiwekea vitu vya kale. Ukikuta kitu cha ajabu, kiache kilipo, piga picha, waarifu makavazi.

Mwaka wa 1919 Louis alipelekwa Weymouth, Uingereza, kusoma shule ya bweni, na huko akaonja joto ya jiwe. Kijana aliyekuwa na nyumba yake mwenyewe sasa aliomba ruhusa ya kutoka. Kriketi hakuijua. Alipotaja Chuo Kikuu cha Cambridge, alivunjwa moyo. Hata hivyo aliingia Cambridge mwaka wa 1922, na alipotakiwa kuchagua lugha za kisasa za kusomea alichagua Kikuyu kuwa mojawapo. Cheti cha kuthibitisha kwamba anaijua lugha hiyo kilitoka kwa Chifu Koinange, kikiwa na alama ya kidole gumba. Wakuu wa chuo walikubali. Lugha aliyoipata akicheza na watoto wenzake ikawa sehemu ya digrii.

Halafu inakuja Lindi. Si hii ya Kibera, ni ile ya kusini mwa Tanzania. Louis alipigwa teke la kichwa akicheza raga, akaanza kuumwa kichwa vibaya mno hadi akaambiwa apumzike mwaka mmoja. Wakati huo makavazi ya London yalikuwa yakitafuta mtu anayeijua Afrika na Kiswahili wa kuandamana na William Cutler, mchimbaji wa mifupa ya dinosaria kutoka Kanada. Mwaka wa 1924, akiwa na miaka 20, Louis alishuka Lindi na kuelekea Tendaguru, kilima kilicho mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Huko alijifunza jinsi mfupa dhaifu unavyotolewa ardhini bila kusagika. Aliondoka kabla mwaka haujaisha. Cutler alibaki, akafa kwa malaria Lindi mwaka wa 1925.

Tendaguru haikuwa mpya. Wajerumani walikuwa wamechimba hapo kati ya 1909 na 1913, na dinosaria mkubwa aliyesimamishwa Berlin alitoka huko. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Mwafrika, Boheti bin Amrani. Liweke jina hilo akilini, tutalirudia.

Kuanzia 1926 Leakey aliongoza safari zake mwenyewe za akiolojia Kenya, na obsidiani ikarudi tena, safari hii kwa maelfu ya vipande kutoka mapangoni karibu na Elmenteita. Alijifundisha pia kuchonga mawe kwa kugonga jiwe kwa jiwe, na alipenda kuwaonyesha watu jinsi zana kama hiyo inavyochuna mnyama kwa dakika chache. Mwaka wa 1931 alifika Olduvai kwa mara ya kwanza, na zana za mawe zikapatikana mapema kabisa.

Lakini kuna Kanam, na siwezi kuiruka. Mwaka wa 1932, karibu na Ziwa Victoria, kikundi chake kilipata taya ambalo Leakey alidai ni la binadamu wa kale sana. Mtaalamu wa miamba, Percy Boswell, alipokuja kutoka Uingereza kuhakikisha, Leakey hakuweza kumwonyesha mahali penyewe. Vyuma alivyopigilia kama alama vilikuwa vimeondolewa. Picha aliyoitegemea ikagunduliwa ni ya mahali pengine. Mwaka wa 1935 Boswell aliyaandika hayo kwenye jarida la Nature, na sifa ya Leakey ikaporomoka vibaya. Ushauri wa Loveridge kwa mtoto wa Kabete, wa kuandika mahali ulipokipata, ndio uliomponyoka akiwa msomi mzima. Ndiyo maana nikasisitiza watoto waandike saa kwenye mchoro wa chupa.

Ilimchukua miaka mingi kuinuka. Mke wake wa pili, Mary, alikuwa mchimbaji makini kumliko, na kusema kweli ugunduzi mwingi tunaompa Louis ni wa Mary. Ndiye aliyepata fuvu la nyani wa kale kisiwani Rusinga mwaka wa 1948. Ndiye aliyeliona fuvu la Zinjanthropus huko Olduvai mnamo Julai 17, 1959, Louis akiwa kambini mgonjwa. Fuvu hilo lilipimwa na kupatikana kuwa na umri wa takriban miaka milioni 1.75, na ulimwengu ukageuza macho kutazama Afrika Mashariki.

Kwa Mkenya kuna ukurasa mwingine, na huo hausomeki kwa raha. Wakati wa Mau Mau, Wakuruigi alisimama na serikali ya kikoloni. Aliandika vitabu dhidi ya vuguvugu hilo na alikuwa mkalimani katika kesi ya Jomo Kenyatta kule Kapenguria, hadi mawakili wa Kenyatta walipolalamika kwamba anapendelea upande mmoja, akaacha. Kuijua lugha ya watu hakukumfanya awe upande wao.

Na hata tukirudi utotoni, tusijidanganye. Kabete ilikuwa na wavulana wengi wenye macho makali kama yake, waliojua nyembe za mizimu zinapatikana wapi. Mmoja tu ndiye aliyekuwa na baba mwenye vitabu na mlango wa makavazi uliofunguka alipobisha. Baadaye Leakey mwenyewe aliwafungulia milango watu ambao vyeti havikuwasaidia: Jane Goodall alienda Gombe mwaka wa 1960 kutazama sokwe bila digrii yoyote, na mwaka huo huo Kamoya Kimeu aliajiriwa kama kibarua wa kuchimba Olduvai. Kamoya, ambaye shule yake iliishia msingi, ndiye aliyekuja kuona kipande cha kwanza cha Mvulana wa Turkana mwaka wa 1984.

Kabla ya Kamoya alikuwepo Heselon Mukiri, Mkikuyu aliyemjua Louis tangu zamani na kutembea naye kutoka uchimbaji mmoja hadi mwingine kwa miongo. Mikono yake ilifukua mifupa ambayo karatasi za kisayansi zilitolewa kwa majina ya wengine.

Leakey alifariki London mnamo Oktoba 1, 1972 kwa ugonjwa wa moyo, akaletwa kuzikwa Limuru karibu na wazazi wake. Mwaka wa 1993 wanasayansi walimpa nyani wa kale wa Rusinga jina la heseloni, kwa heshima ya Mukiri. Mwaka wa 2007 ikawa zamu ya Tendaguru: dinosaria mmoja kutoka huko akaitwa Australodocus bohetii, kwa jina la Boheti bin Amrani, karibu miaka 100 baada ya yeye kuyashika majembe.