Mzee Karume: Baharia aliyeacha alama Msimbazi na Jangwani

MASHABIKI wa soka nchini, kuanzia vijiwe vya Kariakoo jijini Dar es Salaam hadi Mlabani mjini Ifakara, wamezoea kugawanyika kati ya Simba na Yanga. Ni wachache miongoni mwao wanaokumbuka kuwa katika historia ya klabu zote mbili limo jina la mtu mmoja, ambaye hakuwahi kuwa mwenyekiti wa yoyote kati ya hizo.

Mtu huyo ni hayati Mzee Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar na Makamu wa Kwanza wa Rais wa Tanzania. Kila ifikapo Aprili 7 taifa humkumbuka kama mwanasiasa na mwanamapinduzi. Hata hivyo, safari yake haielezeki ikakamilika bila kuutaja mpira wa miguu.

Mzee Karume alizaliwa mwaka 1905. Hakupata elimu kubwa ya darasani. Akiwa bado kijana aliingia baharini, akafanya kazi melini na kuziona bandari za mbali. Aliporejea Zanzibar alikuwa kiongozi wa wenye mashua waliovusha abiria kati ya meli na gati.

Zanzibar ya wakati huo ilikuwa chini ya Sultani na Waingereza, na mkazi wa kawaida wa Ng'ambo hakuwa na jukwaa la kusema yaliyomsibu. Jukwaa hilo lilipatikana katika klabu za mpira. Humo watu walijifunza kulipa ada, kutunza fedha za pamoja, kuchagua viongozi na kusuluhisha ugomvi.

Mzee Karume alikuwa miongoni mwa wanachama wa African Sports Club, na ni katika mazingira hayo ya michezo ambamo African Association ilichipuka mwaka 1934. Februari 1957 chama hicho kiliungana na cha Washirazi, likazaliwa vuguvugu la Afro-Shirazi akiwa rais wake. Miezi michache baadaye aliibuka mshindi wa kiti cha Ng'ambo katika uchaguzi.

Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yalimweka madarakani, na Muungano wa Aprili 26 mwaka huo ukampa nafasi katika uongozi wa Jamhuri nzima. Ndipo mkono wake ulipofika katika soka la Dar es Salaam.

Yanga ilikuwa imeanzishwa mwaka 1935, na Simba mwaka 1936 ikianza kwa majina mengine kabla ya kujulikana kama Sunderland, jina la klabu ya Uingereza. Zilikuwa na mashabiki wengi na upinzani mkali. Sunderland ilitwaa ubingwa wa kwanza wa ligi ya taifa mwaka 1965, na Juni 1968 Yanga ikaifunga mabao 5-0.

Pamoja na ukubwa huo, klabu hizo zilihitaji makao ya kudumu. Mzee Karume alisaidia kupatikana kwa majengo yao, la Jangwani na la Msimbazi. Kwa mtu aliyejifunza siasa ndani ya klabu, klabu isiyo na nyumba yake ilikuwa kama mashua isiyo na gati.

Mwaka 1971 Sunderland iliacha jina la kigeni na kuitwa Simba. Katika simulizi za klabu hiyo, Mzee Karume hutajwa kuwa ndiye aliyehimiza badiliko hilo.

Nyumbani Zanzibar, Uwanja wa Amaan ulifunguliwa mwaka 1970 kwa msaada wa China. Mwaka huo huo China ilianza kujenga reli ya TAZARA, ambayo leo inapita Ifakara na kulivuka Bonde la Kilombero.

Lakini kumbukumbu ya Mzee Karume ina pande mbili. Wapo wanaomshukuru kwa elimu ya bure, kwa eka tatu walizogawiwa wakulima na kwa nyumba za Michenzani. Wapo pia wanaokumbuka kuwa chini ya utawala wake uchaguzi haukufanyika, na wapinzani walifungwa au kupoteza maisha. Aliyelelewa na klabu zilizochagua viongozi wao hakuwapa Wazanzibari nafasi ya kumchagua kiongozi wao.

Aprili 7, 1972, akiwa katika makao makuu ya chama huko Kisiwandui akicheza bao na wenzake, alipigwa risasi na kufariki dunia. Alizikwa hapo hapo.

Miaka michache baada ya kifo chake, mgogoro uliigawa Yanga na kuzaliwa Pan African, iliyotwaa ubingwa wa ligi mwaka 1982. Ikadhihirika kuwa jengo peke yake halitoshi kuwaweka wanachama pamoja.

Leo uwanja wa Ilala wenye ofisi za Shirikisho la Soka Tanzania unaitwa kwa jina lake, na Amaan ulifunguliwa upya Desemba 2023 baada ya ukarabati mkubwa. Majengo ya Msimbazi na Jangwani nayo yangali yamesimama. Msaada wa kiongozi uliyainua, lakini uhai wa klabu zilizomo ungali mikononi mwa wanachama.