Louis Braille, Kipofu Mpiga Kinanda

Katika njia za mji wa Lubumbashi, kama katika miji mingi ya ulimwengu, huonekana kipofu ameshika ncha moja ya fimbo na mtoto ameshika ncha ya pili, nao waenda polepole wakiomba sadaka. Wapita njia wenye huruma huwapa fedha kidogo, kisha hushika njia yao. Sadaka hiyo ni njema, kwa kuwa mwenye njaa hawezi kungoja. Lakini kesho yake kipofu yuleyule huwa mahali palepale, na mtoto amwongozaye hukosa shule pamoja naye. Iko sadaka nyingine, ambayo matunda yake hayaonekani upesi, nayo ni ile impayo kipofu elimu ya kuitumia mikono yake na masikio yake. Maisha ya Louis Braille yaonyesha nguvu ya sadaka hiyo. Maana aliipokea akiwa mtoto, na alipokuwa mtu mzima aliirudisha mara nyingi.

Louis alizaliwa tarehe 4 Januari 1809 katika kijiji cha Coupvray, nchi ya Ufaransa, mwendo wa kilometa 40 hivi upande wa mashariki wa mji mkuu wa Paris. Baba yake, Simon-René Braille, alikuwa fundi wa ngozi, mshonaji wa matandiko na hatamu za farasi. Mama yake aliitwa Monique. Louis alikuwa mtoto wao wa nne, na wa mwisho. Alipokuwa na umri wa miaka 3, alicheza katika chumba cha kazi cha baba yake, akachukua chuma chenye ncha kali, akataka kukata ngozi kama alivyowaona wakubwa wakifanya. Chuma kikateleza, kikamchoma jicho. Jicho lile likaharibika, kisha ugonjwa ukahamia jicho la pili, hata alipofikia miaka 5 alikuwa haoni tena nuru ya jua.

Wazazi wake hawakumficha nyumbani kwa aibu, wala hawakumtuma njiani kuomba. Baba yake alipigilia misumari katika ubao kwa umbo la herufi, ili mtoto azitambue kwa kuzipapasa. Mwaka 1815 alifika paroko mpya, Padri Jacques Palluy, naye akamwita Louis kwake, akamfundisha mambo ya dini na elimu nyingine. Alipoona akili yake, alimwomba mwalimu wa kijiji ampokee pamoja na watoto wenye kuona. Louis alikaa darasani akisikiliza, naye alishika mengi kwa moyo kuliko wenzake walioandika. Hata hivyo, mwenzake alipofungua kitabu, yeye alibaki amekunja mikono.

Katika nchi ile alikaa bwana mkubwa mmoja, Marquis d'Orvilliers. Bwana huyo alikuwa akikijua chuo cha vipofu kilichokuwa Paris. Kwa ombi la paroko na la wazazi, aliandika barua kumwombea mtoto wa fundi nafasi ya kusoma pasipo kulipa. Ombi likakubaliwa. Tarehe 15 Februari 1819, Simon-René alimshika mkono mwanawe mwenye umri wa miaka 10, akamfikisha Paris. Hivyo barua ya mtu mmoja iligeuza njia ya mtoto huyo.

Yafaa kujua chuo hicho kilivyoanza, kwa kuwa nacho kilizaliwa na huruma, na tena kwa ajili ya muziki. Mwaka 1771 kijana aitwaye Valentin Haüy alipita katika gulio moja la Paris, akaona vipofu wamevikwa mavazi ya kuchekesha na miwani mikubwa ya karatasi, na mmoja wao amewekewa masikio ya punda. Walipewa ala za muziki wasizofundishwa kuzipiga, na karatasi za nyimbo zikawekwa mbele ya macho yasiyoona. Watu wakacheka sana, na mwenye mchezo akakusanya fedha. Haüy hakucheka. Aliondoka na huzuni, akawaza ya kuwa vipofu hao wangefundishwa kweli, hakuna ambaye angewacheka.

Miaka 13 baadaye, mwaka 1784, alimsikia bibi mmoja kipofu kutoka Wien, Maria Theresia von Paradis, akipiga piano kwa ustadi mbele ya wakubwa wa Paris. Mwaka uleule alikutana na kijana kipofu, François Lesueur, mwenye kuomba sadaka mlangoni pa kanisa. Haüy alitaka kumfundisha, lakini jamaa ya kijana ilikula kwa sadaka ile. Basi Haüy alimlipa yeye mwenyewe kila siku fedha ambazo angezipata mlangoni, ili aje kusoma. Kijana akajifunza upesi kusoma herufi zilizoinuliwa juu ya karatasi. Watu wa chama cha hisani cha Paris walipoona hayo, walikubali kuwalipia watoto vipofu 12, na chuo kikaanza. Tokea mwanzo watoto walifundishwa kusoma, kazi za mikono na muziki. Mwaka 1786 walionyesha elimu yao mbele ya mfalme Louis XVI huko Versailles.

Louis Braille alipofika, chuo kilikuwa katika nyumba ya kale yenye unyevu mwingi, isiyofaa afya. Lakini ndani ya nyumba hiyo mbaya alipata furaha ambayo hakuijua bado. Alifundishwa kupiga piano, kisha ala ya nyuzi iitwayo selo, na zaidi ya yote kinanda kikubwa cha kanisa. Mwalimu wake wa kinanda aliitwa Marrigues. Mpiga kinanda hutumia mikono miwili na miguu miwili, naye husikiliza sauti nyingi kwa mara moja. Louis alikuwa na kumbukumbu nzuri na vidole vyepesi, akawa miongoni mwa wapigaji bora wa chuo.

Hata hivyo ilibaki shida moja kubwa. Vitabu vya herufi zilizoinuliwa vilikuwa vizito, vya bei kali na vichache. Na ingawa kipofu aliweza kuvisoma polepole, hakuweza kuandika kwa njia hiyo. Katika muziki mambo yalikuwa magumu zaidi. Mwanafunzi alilazimika kuimbiwa au kupigiwa kila wimbo na mtu mwingine, akaushika kichwani. Akisahau, hana pa kutazamia. Akitunga wimbo wake mwenyewe, humtafuta mwenye macho amwandikie.

Mwaka 1821 Charles Barbier, aliyekuwa zamani afisa wa jeshi, alileta chuoni maandishi ya nukta zilizotobolewa katika karatasi nene. Alama yake moja iliweza kuwa na nukta hata 12. Louis alizipapasa nukta hizo, akatambua mara moja kwamba kidole huzisikia vizuri kuliko herufi zilizoinuliwa. Lakini alama za Barbier zilikuwa kubwa mno kwa ncha ya kidole, tena hazikufaa kwa kuandika maneno kwa herufi zake, wala kwa muziki. Basi kijana akaanza kutafuta njia nyingine. Baada ya masomo, na wakati wa likizo huko Coupvray, alikaa na karatasi na chuma kidogo cha kutobolea, kitu kilicho ndugu wa chuma kile kilichompofusha. Mwaka 1824, akiwa na umri wa miaka 15, alikuwa amekwisha kupata alichokitafuta: nukta 6 tu, katika safu mbili za nukta tatu tatu. Kwa kupanga hizo 6 kwa namna mbalimbali hupatikana alama 63, na kila moja hutosha chini ya kidole kimoja.

Mwaka 1829 alitoa kitabu cha kueleza maandishi yake. Kichwa cha kitabu hicho chaonyesha lililokuwa moyoni mwake, maana chasema habari za kuandika maneno, muziki na nyimbo za Kanisa. Miaka iliyofuata aliitengeneza zaidi sehemu ya muziki. Alama saba zilezile zilizo herufi ziliwekwa pia kuwa sauti saba za muziki, na nukta mbili za chini huongezwa ili kuonyesha urefu wa kila sauti. Sasa kipofu aliweza kuusoma wimbo kwa mkono mmoja na kuupiga kwa mkono wa pili, kipande baada ya kipande, mpaka akaushika wote. Aliweza pia kuandika wimbo alioutunga, na mwingine kipofu akausoma pasipo msaada wa mwenye macho.

Mwaka 1831 baba yake alifariki. Kabla ya kufa aliagiza mkuu wa chuo aandikiwe barua, akimwomba asimwache mwanawe kipofu. Ombi hilo lilisikiwa. Louis aliwekwa kuwa mwalimu kamili mwaka 1833, akafundisha sarufi, hesabu, jiografia na muziki. Mwaka 1834 alianza kuwa mpiga kinanda katika kanisa la Saint-Nicolas-des-Champs huko Paris. Wakati wa Misa Takatifu waamini walisali na kuimba wakifuata mikono ya mtu asiyewaona.

Mshahara wake ulikuwa mdogo, lakini watu wenye shida walijua njia ya chumba chake. Aliwakopesha wanafunzi na rafiki, wala hakuwadai kwa ukali. Tena alipokuwa na kazi ya kinanda katika kanisa moja, alisikia habari za mwenzake kipofu, mpiga kinanda aliyekosa kazi na riziki. Louis akaiacha kazi ile, akampisha mwenzake aishike. Hakumpa kipande cha mkate; alimpa mahali pa kuupatia mkate wake kila Jumapili.

Msalaba haukukosekana. Alipokuwa na umri wa miaka 26 hivi alishikwa na kifua kikuu, nacho hakikumwacha tena. Mwaka 1840 mkuu mpya wa chuo alikataza nukta zake, akidhani kwamba vipofu wasiwe na maandishi yaliyo tofauti na ya wenye kuona. Wanafunzi hawakuziacha, waliendelea kuandikiana kwa siri. Louis hakufanya fitina. Alivumilia, akaendelea kufundisha kadiri alivyopata nguvu. Msaidizi wa mkuu, Joseph Guadet, aliona faida ya nukta akamshawishi bwana wake. Tarehe 22 Februari 1844, chuo kilipozindua nyumba mpya iliyo safi, nukta za Louis Braille zilionyeshwa na kusifiwa mbele ya mkutano mkubwa, na mwenyewe akiwapo.

Mwishoni mwa mwaka 1851 damu ilimtoka kifuani kwa nguvu. Aliomba sakramenti za mwisho, akazipokea kwa imani na utulivu. Katika wasia wake alimkumbuka mama yake, ndugu zake, na hata watumishi wadogo wa chuo pamoja na mtoto aliyekuwa akimwongoza njiani. Alifariki tarehe 6 Januari 1852, siku ya Epifania, akiwa na umri wa miaka 43.

Rafiki zake walikuta katika vitu vyake sanduku dogo lenye agizo la kulichoma pasipo kulifungua. Walilifungua hata hivyo, wakakuta mna hati za madeni ya watu waliokopa kwake. Ndipo walipofahamu ya kuwa alitaka kuwasamehe wote, wala asijulikane. Wakazichoma hati zile kama alivyoagiza.

Miaka 2 baada ya kifo chake, mwaka 1854, serikali ya Ufaransa ilikubali nukta zake kwa shule za vipofu. Baadaye zilienea ulimwenguni pote, nazo huandikwa hata kwa Kiswahili. Mwaka 1952 mwili wake ulihamishiwa Panthéon, mahali wanapozikwa watu wakuu wa Ufaransa. Lakini mikono yake iliachwa Coupvray, katika kijiji kile kile alimojifunza herufi juu ya misumari ya baba yake.

Tazameni basi, wasomaji wapenzi, jinsi sadaka zilivyofuatana katika maisha haya. Haüy alilipa siku za mwombaji mmoja. Watu wa Paris wakawalipia watoto 12. Paroko alitoa wakati wake, baba ubao na misumari, bwana mkubwa barua yake. Hakuna aliyejua kwamba mtoto wa fundi wa ngozi angewafungulia vipofu wa dunia nzima vitabu na nyimbo. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Katika kijiji chenye mtoto kipofu, mmoja aweza kumpeleka shuleni, mwingine kumnunulia karatasi nene, mwingine kumruhusu aguse kinanda cha misheni au ngoma, na wote pamoja kuchanga karo yake. Bartimeo alikaa kando ya njia ya Yeriko akiomba. Bwana Yesu alisimama, akamwita, akamponya, naye akamfuata njiani. Sisi hatuwezi kumrudishia kipofu macho yake, lakini twaweza kusimama, kumwita, na kumwondoa kando ya njia, ili naye apate mahali pake kati ya waimbaji wa Mungu.