Bessie Head: Mwana wa Wodini Aliyejijengea Nyumba ya Maneno

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wapo waandishi wengi wa Afrika waliosimulia maradhi ya akili kwa kuyatazama kutoka nje, wakamchora mwendawazimu kama kichekesho cha soko au kama ishara ya jamii iliyopotoka. Bessie Head hakuyatazama kutoka nje. Alizaliwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, akakua akiwa ameambiwa kuwa huenda maradhi ya mama yake yakamrudia, na alipokuwa mtu mzima akalazwa katika hospitali ya aina hiyo hiyo. Kutokana na mateso hayo alitunga A Question of Power, riwaya iliyochapishwa mwaka wa 1973 ambayo mpaka leo inahesabiwa miongoni mwa kazi nzito zaidi za fasihi ya Afrika juu ya nafsi iliyovunjika. Makala haya yanayasimulia maisha ya mwandishi huyo, na kuonyesha jinsi msiba wa mtoto ulivyogeuka kuwa sanaa ya mtu mzima.

Kuzaliwa na Malezi

Bessie Amelia Emery alizaliwa tarehe 6 Julai 1937 katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Fort Napier, mjini Pietermaritzburg, Afrika Kusini. Mama yake, ambaye alimpa jina lake mwenyewe, alikuwa Mzungu wa ukoo wenye mali. Mama huyo alikuwa ameolewa na kuzaa watoto wawili wa kiume. Kifungua mimba wake aligongwa na gari akafa angali mdogo. Tangu msiba huo ndoa iliyumba hatimaye ikavunjika, na akili ya mama ikaanza kumponyoka. Hivyo basi, kabla Bessie hajaja duniani, kufiwa na kuugua akili vilikuwa vimekwisha kufungwa pamoja katika nyumba ile.

Baba ya Bessie alikuwa mtu mweusi ambaye hajajulikana hadi leo. Hadithi inayovuma kuwa alikuwa mtumishi wa zizi la farasi la ukoo ule haijathibitishwa. Linalojulikana ni kwamba tangu mwaka wa 1927 sheria ya nchi hiyo ilikataza mapenzi ya nje ya ndoa baina ya Mzungu na Mwafrika, kwa hiyo kuzaliwa kwa mtoto huyu kulikuwa ushahidi wa jinai. Kichanga kilipelekwa kwanza kwa familia ya Kizungu. Walipotambua kuwa rangi yake si yao, wakakirudisha. Ndipo kikapewa George na Nellie Heathcote, watu wa jamii ya machotara na wafuasi wa Kanisa Katoliki, waliokuwa na uwezo mdogo. Bessie alimjua Nellie kama mama aliyemzaa. Mama halisi alifariki mwaka wa 1943 papo hapo hospitalini, na mtoto asiambiwe.

Neno Lililompasua Moyo

Alipofikia umri wa miaka 12 hivi, Bessie alipelekwa katika bweni la misheni ya Kianglikana, St Monica's, karibu na Durban. Huko alipenda vitabu kuliko kitu kingine chochote. Likizo ya mwisho wa mwaka wa 1951 ilipokaribia, akiwa na miaka 14, aliambiwa kuwa hatarudi kwa Nellie kwa kuwa Nellie si mama yake. Aliarifiwa kuwa mama yake alikuwa Mzungu, alikuwa mwendawazimu, na amekwisha kufa. Hapakuwa na mtu wa kumketisha kitako na kumfariji.

Msomaji na azingatie uzito wa tukio hili. Kwa siku moja kijana alipoteza mama wawili: aliyemlea, kwa kuwa alikatazwa kurudi kwake, na aliyemzaa, kwa kuwa alimpata na kumpoteza katika sentensi moja. Badala ya urithi alipewa hofu. Tangu siku hiyo kila hasira yake, kila kilio na kila usiku wa kukosa usingizi vilimfanya ajiulize iwapo ndiyo ile damu ya mama inayoanza kuchemka. Suala hili ndilo uti wa mgongo wa maandishi yake. Je, mtu huugua kwa sababu alizaliwa hivyo, au huugua kwa sababu ya yale aliyotendewa na kuambiwa?

Ualimu, Uandishi wa Habari na Siasa

Baada ya kuhitimu ualimu, Bessie alifundisha mjini Durban kwa muda mfupi. Kazi hiyo haikumkaa moyoni. Mwaka wa 1958 alielekea Cape Town, akaajiriwa na gazeti la Golden City Post, na mwaka uliofuata akahamia Johannesburg. Mwaka wa 1960 alijiunga na chama cha Pan Africanist Congress kilichoongozwa na Robert Sobukwe. Mwezi Machi mwaka huo polisi waliwaua waandamanaji huko Sharpeville, na msako mkali ukafuata. Bessie alikamatwa kwa muda mfupi. Katika kipindi hicho cha fadhaa alikata tamaa hata akajaribu kuyakatiza maisha yake, akanusurika.

Mwaka wa 1961 aliolewa na mwandishi wa habari Harold Head, na mwaka uliofuata wakajaliwa mtoto wa kiume, Howard. Ndoa haikudumu. Machi 1964 Bessie alimchukua mwanawe akaondoka kwa kibali cha kutoka bila ya ruhusa ya kurudi. Aliingia Bechuanaland, nchi ambayo ingekuwa Botswana baada ya uhuru wa mwaka wa 1966, na hakuiona tena nchi yake ya kuzaliwa.

Ukimbizi Serowe

Alikwenda Serowe kuwa mwalimu wa shule ya msingi. Baada ya muda alikosana na wakuu wake, akaipoteza kazi, na kwa miaka mingi akaishi maisha ya mkimbizi asiye na uraia. Ama kweli, mkata hana kinyongo: alilima, akapika jemu, akaandika kwa mwanga wa mshumaa. Alikaa kwa muda katika shamba la maendeleo huko Radisele, na hapo ndipo alipopata mbegu ya riwaya ya When Rain Clouds Gather, iliyochapishwa mwaka wa 1968. Katika riwaya hiyo Makhaya, kijana mkimbizi kutoka Afrika Kusini, anapata makao katika kijiji cha wakulima baada ya kushirikiana na Gilbert, Mwingereza mtaalamu wa kilimo. Kwa malipo ya kitabu hicho Bessie alijenga nyumba ndogo Serowe, akaiita kwa jina la mawingu ya mvua. Mwaka wa 1971 ilifuata Maru, riwaya kuhusu mwalimu Margaret Cadmore anayebaguliwa na Waafrika wenzake kwa kuwa ni wa jamii ya Wasarwa. Kwa kitabu hiki Bessie alionyesha kuwa ubaguzi hauna rangi moja.

Serowe ilikuwa pia makao ya mwalimu Patrick van Rensburg, aliyeanzisha Shule ya Swaneng Hill na miradi ya ushirika ya Boiteko. Bessie alijiunga na bustani ya mboga ya mradi huo, akifanya kazi bega kwa bega na mwanamke wa kijijini, Bosele Sianana. Bustani hii ni muhimu katika kisa chetu, kwani ndiyo iliyomshika mkono alipokuwa akizama.

Tufani

Mwaka wa 1969 akili ya Bessie ilitetereka. Akapata nafuu, kisha mwaka wa 1971 tufani ikarudi kwa nguvu zaidi. Alisikia sauti na kuona watu ambao wengine hawakuwaona. Alibandika katika posta ya Serowe tangazo lenye tuhuma nzito, zisizo na msingi, dhidi ya Rais Seretse Khama. Alichukuliwa akapelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Lobatse, akakaa huko kwa miezi kadhaa. Lile alilotishwa nalo akiwa na miaka 14 likawa limetimia, na mwanawe akawa mtoto ambaye mama yake yumo wodini.

Hapo ndipo Bessie alipochagua njia yake. Angeweza kuificha aibu hiyo, kama jamii nyingi zifanyavyo kwa kumfungia mgonjwa chumba cha uani. Yeye aliketi akaiandika. Wachapishaji kadhaa waliukataa mswada wake kabla haujachapishwa London mwaka wa 1973, na mwaka uliofuata ukaingia katika mfululizo wa waandishi wa Afrika wa Heinemann.

Riwaya na Maisha

A Question of Power ina sehemu mbili, Sello na Dan, majina ya wanaume wawili wanaoitawala akili ya mhusika mkuu, Elizabeth. Usiku, Elizabeth huteswa na mizuka hiyo inayogombania mamlaka juu ya nafsi yake. Mchana, huamka akampikia chai mwanawe Shorty na kwenda bustanini. Mwandishi hampi msomaji mstari wa kutenganisha ndoto na uhalisi, na kwa sababu hiyo wanafunzi wengi huilalamikia riwaya kuwa ngumu. Ugumu huo una maana yake. Anayeisoma hupotea humo kama Elizabeth alivyopotea.

Ingawa mengi yanalingana na maisha ya Bessie, riwaya hii si shajara. Lile tangazo la posta limo kitabuni, lakini anayetuhumiwa ni Sello, mhusika wa kubuni. Bosele naye amezaa taswira ya Kenosi, mwanamke wa maneno machache ambaye hafanyi mahubiri wala hatoi dawa. Kenosi huja tu kazini kila siku na kumngoja mwenzake arudi. Elizabeth hapati muujiza. Kinachomrudisha kwa watu ni mboga zinazomea, mtoto anayehitaji chakula, na rafiki asiyekimbia. Riwaya inafungwa akiwa ameuweka mkono wake juu ya ardhi ya kijiji, ishara kuwa hatimaye ni mwenyeji wa mahali.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, ulinganishi hauko mbali. Katika miaka hiyo hiyo Euphrase Kezilahabi wa Tanzania alichapisha Rosa Mistika, mwaka wa 1971, na Kichwamaji, mwaka wa 1974. Rosa na Kazimoto ni vijana wasomi waliolemewa na upweke na hatia, na wote wawili wanaishia kujiua. Kwa Kezilahabi msomaji anaonyeshwa jamii iliyochelewa kuuona uchungu wa vijana wake. Kwa Bessie Head anaonyeshwa kitu kinachoweza kumzuia mtu ukingoni. Si ajabu basi kuwa vitabu hivi vikisomwa pamoja vinajibizana. Aidha, Kezilahabi mwenyewe alikuja kufundisha katika Chuo Kikuu cha Botswana, katika nchi iliyomhifadhi Bessie.

Miaka ya Mwisho

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Baada ya Lobatse Bessie aliishi miaka mingine 15, akaandika kwa bidii. Mwaka wa 1977 alitoa mkusanyiko wa hadithi fupi, The Collector of Treasures, unaochambua mateso ya wanawake wa kijijini. Mwaka huo pia alialikwa katika programu ya kimataifa ya waandishi huko Iowa, Marekani. Mwaka wa 1981 alichapisha historia ya Serowe aliyoikusanya kutoka vinywani mwa wenyeji, na mwaka wa 1984 riwaya ya kihistoria, A Bewitched Crossroad. Ombi lake la uraia lilikuwa limekataliwa kwanza. Alilipata mwaka wa 1979, baada ya miaka 15 ya kuwa mgeni.

Hata hivyo, maisha hayakumlainikia. Umaskini, upweke na ulevi vilimdhoofisha. Alifariki Serowe tarehe 17 Aprili 1986 kwa ugonjwa wa ini akiwa na umri wa miaka 48, kabla ya kuandika tawasifu aliyokuwa ameahidi. Nakala za barua zake nyingi zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Khama III papo hapo Serowe. Mwaka wa 2003 Afrika Kusini, nchi iliyomkataa angali kichanga, ilimtunukia nishani ya Ikhamanga ya dhahabu. Baadaye maktaba kuu ya Pietermaritzburg, mji aliozaliwa wodini, ikapewa jina lake.

Hitimisho

Ipo tabia miongoni mwa wahakiki ya kuugeuza wazimu katika fasihi kuwa ishara ya kitu kingine: ukoloni, ubeberu au usaliti wa wanasiasa. Katika A Question of Power ishara hizo zimo, na uhakiki unaozionyesha si wa bure. Lakini nyuma ya ishara yupo mwanamke aliyeugua kweli, na nyuma yake yupo msichana wa miaka 14 aliyepewa habari ya kifo na kutiwa hofu kwa pumzi moja. Hata msamiati wa Kiswahili unahitaji kupimwa hapa. Maneno kama mwendawazimu, kichaa na punguani hutumika kama matusi mitaani kabla hayajatumika kama majina ya maradhi, na mwanafunzi anayeumwa moyoni huogopa kutamka lolote asije akabatizwa mojawapo. Bessie alibatizwa jina hilo kabla hajaugua. Maisha yake yanafundisha kuwa mja hauawi na maradhi peke yake, na kwamba pengine linaloamua ni kama yupo Kenosi mmoja wa kumngojea bustanini.

Mola aipumzishe roho yake pema.