Willis Carrier, mhandisi aliyeikamua hewa maji

Katikati ya miaka ya 1930, mgodi wa dhahabu wa Robinson Deep mjini Johannesburg, uliokuwa umefikia kina cha zaidi ya kilomita 2, ulifungwa mtambo mkubwa wa kupoza hewa. Mtambo huo ulitokana na kazi ya mhandisi wa Kimarekani, Willis Haviland Carrier.

Tangu miaka ya 1920, wachimbaji, wengi wao Waafrika, walikuwa wakifa kwa joto katika migodi ya eneo hilo. Maji yaliyonyunyiziwa miamba ili kutuliza vumbi linaloharibu mapafu yalijaza unyevunyevu hewani, na jasho halikukauka mwilini. Mtambo wa Carrier uliipoza hewa na kuikamua maji kabla haijashushwa mgodini. Si huruma pekee iliyougharimia: dhahabu iliyosalia ilikuwa chini zaidi.

Carrier alizaliwa tarehe 26 Novemba 1876 katika kijiji cha Angola, jimbo la New York. Alihitimu Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1901. Mwaka uliofuata alikabidhiwa tatizo la kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, ambako karatasi zilitanuka na kusinyaa kwa unyevunyevu hata rangi zikakosa kulingana. Alichora mtambo uliopitisha hewa kwenye mabomba ya baridi. Mvuke ukageuka matone, ukadondoka. Alipata hataza mwaka 1906, na mwaka 1915 akaanzisha kampuni pamoja na wenzake 6. Alifariki dunia tarehe 7 Oktoba 1950.

Viyoyozi vya nyumbani vingali vikifuata kanuni hiyohiyo, na maji hayo sharti yapate pa kutokea. Mjini Johannesburg, ambako upepo hupeperusha vumbi la malundo ya taka za migodi, vumbi linalopenya chujio huchanganyika na maji, likawa utelezi unaoziba bomba jembamba la kutolea maji. Sinia hufurika, dari ikaloa. Kinga yake haihitaji mhandisi: kuosha chujio mara kwa mara, kuzima umeme na kumimina siki kidogo bombani, kisha maji ya vuguvugu, kabla ya msimu wa mvua za kiangazi, na kuhakikisha kuwa bomba lina mteremko, na mdomo wake wa nje haujazama majini wala kugeuzwa kiota cha wadudu.