Mwenda Jean Bosco: Sikio Lilikuwa Mwalimu Wake

Ndugu askari, mlinzi wa usiku hutambua hatua za mwenzake kabla ya kumwona. Huo ni ujuzi wa sikio, nao hupatikana kwa mazoezi. Kwa sikio la namna hiyo, hayati Mwenda Jean Bosco aliinuka akawa miongoni mwa wapiga gitaa mashuhuri kabisa wa Afrika.

Marehemu alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, makao makuu ya Wayeke, katika jimbo la Katanga. Hiyo ndiyo Katanga ambayo Wanyarwanda wengi walipelekwa kufanya kazi migodini zama za Wabelgiji. Gitaa alijifunza mwenyewe, bila mwalimu wa manota, akaimba kwa Kiswahili cha kwao. Mwaka 1952, katika mji wa Jadotville, ambao leo ni Likasi, Hugh Tracey alimsikia na kurekodi nyimbo zake. Mmojawapo, Masanga, ulimletea sifa kubwa.

Aliyeusikia Masanga kwa mara ya kwanza aliweza kudhani kuwa wapigaji ni wawili. Kumbe alikuwa mtu mmoja: kidole gumba kikishika besi, na kidole cha shahada kikipiga sauti ya juu, midundo ikipishana pasipo kugongana. Mwaka 1959 alikwenda Nairobi, na vijana wengi wa Kenya wakaufuata mtindo wake. Mtaalamu David Rycroft alikuja kuyaandika mapigo hayo kwa manota mnamo 1961 na 1962. Lakini muziki ulikuwa umekwisha kukamilika masikioni mwa mwenyewe. Mwaka 1969 alipiga katika tamasha la Newport, Marekani.

Maisha hayo yana funzo kwa askari anayemaliza zamu yake Muhima, jijini Kigali, akachukua gitaa ili kupumzisha moyo. Aanze kwa kulinganisha nyuzi kwa sikio. Uzi mnene kuliko zote, ukibanwa kwenye chuma cha 5 cha shingo ya gitaa, hutoa sauti ile ile ya uzi unaoufuata ukiachwa wazi. Afanye hivyo uzi kwa uzi, ila uzi wa 3 abane chuma cha 4 ili kuupata wa 2.

Kisha achague kipande kifupi cha wimbo, akisikilize mara nyingi bila kugusa gitaa. Aiimbe besi kwa mdomo mpaka imkae, ndipo aitafute kwa kidole gumba. Besi ikiwa imara, aiongeze sauti ya juu polepole, mguu ukihesabu mapigo. Anayekimbilia yote mawili kwa pamoja hupoteza yote mawili. Robo saa kila siku yafaa kuliko saa nyingi za siku moja kwa mwezi.

Mwenda Jean Bosco alifariki Septemba 1990 katika ajali ya gari nchini Zambia. Vidole vyake vimenyamaza, lakini sahani zake bado zinasikika, na mwenye subira anaweza kuketi mbele yake kama mwanafunzi mbele ya mwalimu. Zaidi ya hayo, sikio lililofunzwa kutenganisha besi na sauti ya juu halitalala hata kwenye lindo.